Jina la bakteria halitoshi
Wengi hudhani kwamba bakteria wa Dehalococcoides wakionekana katika maji ya ardhini yaliyochafuliwa na trikloroetheni, kiyeyusho cha kuondolea grisi kwenye vyuma, basi sumu yote itakwisha. Sivyo. Aina ya 195 ya bakteria hao, iliyotangazwa mwaka 1997, ina jeni tceA ya kuivunja trikloroetheni, lakini hatua ya mwisho ya uvunjaji huo, ya kugeuza kloridi ya vinili kuwa etheni, gesi isiyo na sumu, huifanya polepole mno. Aina za VS na BAV1, zenye jeni vcrA na bvcA mtawalia, huikamilisha na kupata nishati humo. Kloridi ya vinili husababisha saratani, hivyo mchakato ukikwama hapo hatari yaweza kuongezeka. Kwa kuwa vcrA huweza kuhama baina ya bakteria, naona ni lazima jeni zenyewe zipimwe.