Lexus LX iliyotumika: angalia kizazi kwanza, kilomita baadaye

Mnunuzi anayeniomba nimkagulie Lexus LX huanza na kilomita: imetembea ngapi? Mimi huanza na namba ya chesisi na mwezi gari lilipotoka kiwandani. LX imejengwa juu ya Toyota Land Cruiser tangu mwanzo wake, na kila kizazi kina sehemu zake zinazochoka mapema. LX470, yaani kizazi cha pili, yenye kilomita 300,000 ambayo sehemu hizo zimeshughulikiwa ni ununuzi bora kuliko yenye kilomita 120,000 ambayo hakuna fundi aliyezigusa. Zaidi ya hayo, kilomita huweza kurudishwa nyuma. Mpira uliokauka haurudi kuwa laini.

LX450, kizazi cha kwanza, nitaipita haraka. Ilikuwa ya modeli za 1996 na 1997 tu, nayo ni Land Cruiser 80 iliyovalishwa ngozi na mbao: eksle nzima mbele na nyuma, springi za koili, injini ya 1FZ-FE yenye silinda sita na lita 4.5. Ukikutana nayo, angalia gasketi ya hedi, hasa upande wa silinda ya sita, kisha chungulia nyuma ya magurudumu ya mbele. Sili za pale zikikatika, oili ya difu huchanganyika na grisi na kuchuruzika nje. Ni kazi ya kuchafua mikono, lakini haitakufilisi.

LX470 ndiyo inayohitaji macho makali zaidi. Ilitengenezwa kuanzia 1998 hadi 2007 juu ya Land Cruiser 100, ikiwa na injini ya 2UZ-FE, V8 ya lita 4.7 yenye bloku ya chuma cha kutupwa. Kwangu mimi hii ni mojawapo ya injini bora kabisa zilizowahi kuwekwa kwenye gari la aina hii. Lakini inatumia mkanda wa taimingi (unaozungusha sehemu za injini kwa mpangilio mmoja), si mnyororo, na mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 150,000. Usiridhike na maneno ya muuzaji. Omba risiti, na uone kama pampu ya maji na tenshena (kikaza mkanda) vilibadilishwa pamoja nao, kwa sababu anayefungua kote huko mbele kisha akaacha pampu ya zamani amefanya kazi nusu. Gari la miaka zaidi ya 20 lenye kilomita 90,000 bado linadai mkanda mpya, kwa kuwa mpira huzeeka hata gari likilala.

Fika injini ikiwa baridi. Ukikuta bonneti ina joto, rudi siku nyingine. Manifoldi za eksozi za 2UZ, zinazopokea moshi kutoka kwenye silinda, hupata nyufa, na mlio wake wa tik-tik husikika dakika za kwanza tu kisha hupotea chuma kikitanuka. Muuzaji aliyelipasha gari moto kabla hujafika amekuficha mlio huo, kwa kujua au kwa kutojua. Halafu pitisha tochi nyuma ya injini, karibu na ukuta wa kabini, utafute viunganishi vidogo vya plastiki vya mabomba ya hita. Vikizeeka huwa kama biskuti. Bei yake ni ndogo mno, lakini kimoja kikivunjika safarini maji yote ya radieta humwagika, na injini isiyo na maji haikupi muda wa kufikiri. Mimi huvihesabia kuwa vimekufa hata vikionekana vizima.

Sasa AHC, mfumo unaoinua na kushusha gari kwa mafuta yenye shinikizo. Watu wengi huukimbia, na naelewa kwa nini, lakini naona unaonewa. Katika LX470 uzito haubebwi na mafuta peke yake. Mbele kuna tosheni ba (fimbo ya chuma inayojisokota na kufanya kazi ya springi), nyuma kuna springi za koili, na mafuta hubeba sehemu iliyobaki. Kwenye kila gurudumu kuna tufe la chuma lenye nitrojeni upande mmoja wa utando na mafuta upande wa pili. Nitrojeni hiyo ndiyo inayokupa ulaini. Springi zikilegea kwa uzee, shinikizo la mafuta hupanda, pampu huteseka, na nitrojeni huisha mapema. Kwa hiyo anayebadilisha tufe bila kugusa springi atarudi gereji baada ya muda si mrefu.

Kupima ni rahisi na hakuhitaji mashine. Injini ikiwa inawaka, gari likiwa tupu na pahali tambarare, liweke kwenye kimo cha chini, subiri litulie, kisha soma kiwango cha mafuta kwenye chupa ya AHC ndani ya bonneti. Lipandishe kimo cha juu, soma tena. Tufe zikiwa mpya tofauti hukaribia alama 14. Ikishuka hadi 7 au chini yake, tufe zimekwisha, na bei ya gari ipunguzwe kwa gharama hiyo. Wakati huohuo tazama mabomba ya chuma yaliyopita kwenye chesisi. Kutu ikiyala, hasa kwa magari yaliyotoka nchi zinazomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, kazi huwa kubwa kuliko tufe zenyewe. Kama AHC imeshaondolewa na kufungwa shokamzoba za kawaida, si dhambi, ila uliza kama tosheni ba na springi nzito ziliwekwa pia. Zisipowekwa, gari hukaa limeinama na kuyumba kwenye kona.

Breki nazo zina pampu yake ya umeme. Swichi ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara nyingi hadi iwe nzito, iachie, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Pampu inapaswa kulia na kunyamaza. Ikilia bila kukoma, usiliendeshe gari hilo hata kwa majaribio.

LX570 ilikuja na Land Cruiser 200 mwaka 2007. V8 ya lita 5.7, 3UR-FE, inatumia mnyororo, kwa hiyo hofu ya mkanda imekwisha. Udhaifu wake uko kwenye maji: pampu inayovuja na kuacha ukoko wa waridi uliokauka, na radieta inayopasuka ufa mwembamba kwenye tangi lake la plastiki la juu. Yote mawili huonekana kwa tochi na subira.

Kinachonisumbua zaidi kwenye LX570 ni sura. Modeli ya 2016 ilibadilishwa karibu bodi yote isipokuwa milango, na tangu hapo kuna seti kamili za kuigeuza ya 2008 ifanane nayo kwa nje. Wapo wanaofanya hivyo kwa uwazi kwa sababu wanaipenda, na sina neno nao. Tatizo ni anayeiuza kwa bei ya mpya. Gia boksi ndiyo shahidi: kuanzia 2016 ina gia nane, kabla ya hapo ni sita. Soma pia tarehe kwenye lebo za mikanda ya viti, zilizoshonwa chini kabisa, na alama za pembeni mwa vioo. Mtu hubadilisha grili na taa. Ni nadra kubadilisha mikanda yote ya viti.

Ningekuwa nanunua kwa fedha yangu, ningechukua LX570 ya 2013 hadi 2015 yenye sura yake ya kiwandani. Inauzwa chini ya ile ya 2016, injini ni ileile, na haijawavutia wageuzaji kiasi hicho.

LX600, iliyotambulishwa Oktoba 2021, ni gari jingine kabisa chini ya nembo ileile: chesisi mpya ya GA-F, uzito uliopungua takriban kilo 200, gia kumi, na V6 ya lita 3.4 yenye turbo mbili badala ya V8. Bado ni changa, kwa hiyo ukaguzi wake ni wa karatasi zaidi kuliko wa tochi. Mei 2024, nchini Marekani, Toyota iliyaita yarudishwe kwa matengenezo magari takriban 102,000 ya Tundra (pikapu yake) na LX ya 2022 na 2023, kwa sababu mabaki ya chuma ya kiwandani yaliweza kubaki ndani ya injini na kuharibu beringi kuu. Kama LX600 unayoitaka ilitoka huko, ingiza namba yake ya chesisi kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujalipa hata malipo ya awali, na kama wito huo bado uko wazi, muuzaji aumalize kwanza.