Ndege haisubiri dunia izunguke
Barazani, Unguja na Pemba, husikika hoja kwamba ndege iendayo magharibi hufika upesi kwa kuwa dunia, inayojizungusha kuelekea mashariki, huusogeza uwanja wa kutua karibu nayo. Si kweli. Hapa kwetu, karibu na ikweta, ardhi huzunguka kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na hewa huzunguka pamoja nayo. Lau isingekuwa hivyo, ndege iliyoondoka Kisauni, uwanja wa ndege wa Unguja, kwenda Chake Chake, safari ya kama nusu saa, ingekuta Pemba imeshatupwa mamia ya kilomita mashariki, na minazi yote ingekwisha kung'olewa na upepo kabla abiria hajafunga mkanda.

Kinachobadilisha muda ni upepo wa anga za juu, ambao katika latitudo za kati, yaani baina ya tropiki na ncha za dunia, huvuma kwa nguvu kutoka magharibi. New York hadi London, takriban kilomita 5,550, huchukua kama saa 7, na kurudi karibu saa 8: kinyume kabisa cha hoja ya barazani.

Tiketi nayo huchanganya, maana huandika saa za kila mji. Dubai imetangulia Zanzibar kwa saa moja, hivyo safari ya kurudi Zanzibar huonekana fupi kuliko ilivyo.