Masomo hayaji yenyewe

Mwezi huu tena, mlangoni mwa ofisi ya walimu, mama mmoja kamleta binti yake wa kidato cha kwanza, sare bado ina mikunjo ya dukani. Akanishika mkono: "Mwalimu, wewe wa dini, mtie tu hofu ya Mungu, masomo yatakuja yenyewe." Kauli hiyo naisikia kila Januari tangu nianze kufundisha Maarifa ya Biblia hapa Mwanza. Safari hii naijibu kwa maandishi.

Hayaji yenyewe, mama yangu.

Wazazi hupenda kunitajia Danieli sura ya 1, mstari wa 17: Mungu aliwapa wale vijana wanne, Danieli na wenzake watatu, maarifa katika elimu yote. Kweli, imeandikwa. Lakini hebu pandeni juu kidogo. Mstari wa 4 unasema walipelekwa kufundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo, yaani watu wa Babeli. Wa 5 unasema miaka mitatu. Danieli alikuwa mwanafunzi mgeni, mbali na kwao, anasomeshwa kwa lugha isiyo yake! Ni nani atamwelewa kuliko mtoto wetu aliyemaliza darasa la saba kwa Kiswahili, kisha Januari anafunguliwa Baiolojia kwa Kiingereza? Sisi tunakimbilia muujiza wa Danieli kwenye tundu la simba, miaka mitatu ya shule tunairuka.

Halafu kuna zile siku kumi, ambazo mimi huzifundisha vipindi viwili vizima. Danieli alipoazimia asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme, hakukaa akisubiri Mungu amtetee. Alimwendea msimamizi, akaomba wajaribiwe siku kumi, kisha nyuso zao zilinganishwe na za wenzao. Imani yake ikapata muda, kipimo, na mtu wa kupima. Lengo ni hilo.

Binti yule, nilipowaambia waandike malengo ya mwaka, aliandika: "Namwomba Mungu anijalie divisheni wani." Nikamwandikia chini kwa kalamu nyekundu: Hili ni ombi, na ni zuri. Lengo lako ni lipi? Akakaa na ile karatasi siku mbili. Mama yake anaanika dagaa Kirumba, na yeye akitoka shule humsaidia. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hupumzika, na jioni zake zinakuwa wazi. Karatasi ikarudi imeandikwa: "Siku kumi za mbalamwezi. Maneno kumi ya Baiolojia kila jioni. Mwalimu aniulize siku ya 11."

Mimi nisingeweza kumpangia hivyo. Kalenda ya mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, anaijua yeye.

Wenzake Waislamu wana mwalimu wao wa Elimu ya Dini ya Kiislamu, na tukizungumza naye tunakuta tunabishana na wazazi wenye kauli ileile.

Hiyo hofu nayo inanisumbua. Wazazi wengi wakisema hofu ya Mungu wanamaanisha mtoto anyamaze. Mtoto aliyenyamazishwa hanyooshi mkono kusema hajaelewa. Anaitikia "ndiyo mwalimu" mpaka mtihani wa kidato cha pili unapomfichua. Kinachomvuta mtoto ni kumwona mwalimu anatimiza neno lake. Mwaka mmoja nilishikilia madaftari ya darasa wiki tatu bila kuyasahihisha, huku nikifundisha uaminifu. Kijana mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, na sisi tukichelewesha kazi wiki tatu?" Sikuwa na jibu. Nilisahihisha usiku ule mpaka saa nane.

Lakini kuna jambo sijalimaliza moyoni. Nilikuwa na mwanafunzi aliyejituma miaka miwili, nikabadilishiwa darasa, akaporomoka ndani ya muhula mmoja. Je, nilimpa msimamo, au alikuwa anasoma kwa sababu tu namtazama? Na huyu binti, anajifunza Baiolojia kwa ajili yake au hataki kuniangusha? Siwezi kuvitenganisha, na simwamini sana anayedai kwamba yeye anaweza.

Siku ya 11 ni Alhamisi hii. Kuna kikao cha walimu saa nane mchana. Nimeshaomba nichelewe nusu saa.