Uaminifu kwa chama katika uteuzi wa mawaziri

Uaminifu kwa chama ni ile hali ya mwanasiasa kushikamana na msimamo wa chama chake katika kura, kampeni na maamuzi, hata pale ambapo moyoni angependa vingine. Uteuzi wa baraza la mawaziri huupima kwa ukali, kwa sababu nafasi ni chache, wanaozitaka ni wengi, na kila jina linalotangazwa hukutana na swali moja kabla ya mengine yote: huyu ni mtu wa nani?

Swali hilo lina msingi wake. Chama huomba kura kwa ilani, na ilani haitekelezwi na waziri asiyeiamini. Ndiyo maana Uingereza hufuata kanuni ya uwajibikaji wa pamoja: waziri anaweza kupinga jambo ndani ya kikao cha baraza, lakini likishapitishwa sharti alitetee hadharani au aachie ngazi. Robin Cook aliachia ngazi Machi 2003 kwa kuwa hakukubaliana na vita vya Iraki. Alitoka barazani, chama cha Labour hakukihama, akaendelea kuwa mbunge wake. Kwangu, hatua ile inaeleza vizuri kuliko ufafanuzi wowote kwamba mtu anaweza kukipenda chama chake na bado akawa na mpaka asioukubali kuvuka.

Balaa huanza pale uaminifu kwa ilani unapogeuzwa kuwa uaminifu kwa mtu. Mteule hupimwa kwa jinsi atakavyomlinda kiongozi, na wabunge wanaompiga msasa huambiwa kwamba kumkataa ni kumwaibisha rais. Ujuzi wake hauulizwi tena.

Marekani ndiko mvutano huo unakoonekana wazi, maana Katiba inataka mawaziri wanaoteuliwa na rais waidhinishwe na Seneti. Mwaka 1989 Rais George H. W. Bush, Mrepublikani, alimteua John Tower kuwa Waziri wa Ulinzi. Tower alikuwa amekaa Seneti zaidi ya miaka 20 na kuongoza kamati ya masuala ya kijeshi, kwa hiyo waliomhoji walikuwa wenzake wa zamani. Yakaibuka maswali kuhusu unywaji wake wa pombe na ukaribu wake na kampuni zinazofanya biashara na jeshi, akaangushwa kwa kura 53 dhidi ya 47. Maswali yenyewe yalikuwa mazito na yalistahili majibu. Hata hivyo Wademokrati, waliokuwa wengi, walimpinga karibu wote, na Warepublikani wakamtetea karibu wote.

Novemba 2013 Wademokrati walibadili utaratibu wa Seneti: kura zinazohitajika kufunga mjadala juu ya wateule wa serikali, ili wapigiwe kura ya mwisho, zikashuka kutoka 60 hadi wingi wa kawaida. Tangu hapo chama cha rais kikiwa na wingi hakihitaji kubisha hodi upande wa pili. Hesabu yote hufanyika nyumbani. Januari 2025 kura za kumwidhinisha Pete Hegseth, mteule wa Rais Donald Trump wa Republican, kuwa Waziri wa Ulinzi zilifungana 50 kwa 50, ikabidi Makamu wa Rais JD Vance apige ya kuamua. Warepublikani watatu tu walisema hapana: Mitch McConnell, Susan Collins na Lisa Murkowski. Nikitaka kujua kama bunge limempima mteule au limehesabu vichwa tu, hutazama kwanza kama wapo watu wa namna hiyo upande wa rais, na ni wangapi.

Upo ugomvi mwingine, unaompata anayepokea uwaziri kwa mkono wa mshindani. Juni 1940, vita vikiwa vimepamba moto Ulaya, Rais Franklin Roosevelt, Mdemokrati, aliwateua Warepublikani wawili: Henry Stimson Wizara ya Vita na Frank Knox Wizara ya Jeshi la Majini. Knox ndiye aliyekuwa mgombea mwenza wa Warepublikani dhidi ya Roosevelt huyo huyo mwaka 1936. Tangazo lilitoka siku chache kabla ya mkutano mkuu wa chama chao, na uongozi ukatamka kwamba wawili hao si wenzao tena.

Kenya imeyaona hayo karibuni. Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais William Ruto alivunja baraza lake, kisha akateua vigogo wanne wa ODM, chama kikuu cha upinzani: John Mbadi, Opiyo Wandayi, Hassan Joho na Wycliffe Oparanya. Agosti, Bunge la Taifa liliwapitisha wateule 19 kati ya 20, wanne hao wakiwemo. Kwa kuwa Katiba ya 2010 hairuhusu waziri kuwa mbunge, Wandayi aliacha kiti cha Ugunja pamoja na kazi yake ya kiongozi wa wachache, yaani yule ambaye jukumu lake lilikuwa kuibana serikali aliyoingia. Ndani ya ODM ukazuka ubishi mkali: chama kiko serikalini au kimeazima watu tu? Katibu mkuu Edwin Sifuna alishikilia kwamba ODM bado ni upinzani. Makubaliano ya maandishi kati ya ODM na UDA, chama cha Ruto, yalitiwa saini Machi 2025, miezi saba baada ya mawaziri hao kula kiapo.