Komoro: nyota nne kwenye bendera, visiwa vitatu mkononi

Watu wakija kwetu makumbusho wakaiona bendera ya Komoro swali ni lile lile, mbona nyota ziko nne na serikali iliyoko mji mkuu, Moroni, inaongoza visiwa vitatu tu? Mi nikijibu huwa naanzia kwenye kuhesabu kura, ila lazima turudi nyuma kidogo.

Mfaransa aliingia kwanza Maore, ndo hiyo Mayotte, mwaka 1841, aliuziwa na Andriantsoly, mfalme wa Kisakalava aliyekimbia kutoka kwao Madagaska. Visiwa vingine vitatu, Ngazidja, Ndzuani na Mwali, vikafuata 1886 kwa mikataba ya ulinzi, ulinzi wa jina tu manake ardhi nzuri iliishia kwa makampuni ya vanila na langilangi, maua ya kutengenezea manukato, mwenyeji akabaki kibarua. 1912 vyote vinne vikabandikwa kwa Madagaska kama kiraka, 1946 vikabanduliwa.

Sasa njoo 22 Desemba 1974, siku ya kura ya uhuru. Ukijumlisha visiwa vyote karibu asilimia 95 walisema ndiyo, lakini Maore peke yake zaidi ya asilimia 60 walikataa. Na hawakukurupuka, makao makuu yalikua kwao Dzaoudzi yakahamishiwa Moroni, kazi zikaondoka nayo, mpaka wakina mama wa Maore wakawa wanawazingira maofisa wanaotoka Moroni na kuwatekenya, kweli kuwatekenya, hadi waondoke! Watu wanacheka nikisimulia hili ila ilikua siasa nzito.

Tatizo likawa kura zihesabiwe vipi. Sheria ya Ufaransa ya Novemba mwaka ule haikutaja umma wa Komoro kama umma mmoja, ilitaja kwa wingi, kwa Kifaransa ni herufi s tu mwishoni mwa neno, na kwenye hiyo s Paris ikapata pa kusimama, kwamba kila kisiwa kina umma wake. Julai 1975 wakaongeza kwamba hata katiba ipitishwe kisiwa kwa kisiwa, Ahmed Abdallah, kiongozi wa serikali ya Komoro, akaona hapa tunachezewa, tarehe 6 uhuru ukatangazwa Moroni bila kumsubiri mtu. Hata mwezi haukuisha, 3 Agosti akapinduliwa.

Umoja wa Mataifa uliipokea Komoro Novemba 1975 ikiwa na visiwa vinne. Februari 1976 suala likafika Baraza la Usalama, Ufaransa ikapiga veto, yaani ikalizuia azimio, na ikaitisha kura Maore peke yake ambako zaidi ya asilimia 99 wakachagua kubaki na Ufaransa. Tangu 2011 Maore ni mkoa kamili wa Ufaransa.

Ndzuani na Maore ni kama kilomita 70, na tangu 1995 mtu wa Ndzuani akitaka kwenda kumuona dada yake Maore lazima awe na viza. Asiyeipata anapanda kwasakwasa usiku, boti ndogo ya faiba ya wavuvi, wamebanana magoti kwa magoti na mama ameshika mtoto, na wengi wameishia baharini.