Dada yenu hatapumzika kwa kuambiwa apumzike

Juzi tena, kwenye simu iliyowekwa spika katikati ya kliniki, kaka mmoja akaniomba: "Sista, hebu mwambie huyu dada ajitunze, amekonda sana." Dada mwenyewe ameketi mbele yangu, amemshika mkono Mama yao, mwenye dimenshia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri), asiinuke akatoka. Nikajibu kwa upole wa kazini. Hapa siko kazini.

Watu wameamini kwamba anayemtunza mgonjwa wa dimenshia anachoka kwa kuwa hajui kujitunza, basi dawa yake ni mawaidha. Anywe maji, atembee, asali, alale mapema. Alale mapema vipi, na Mama anaamka saa nane usiku akidai kwenda nyumbani, na nyumbani ndipo hapo mtaani Umoja alipo? Kuna watunzaji wanaolala na ufunguo wa mlango ndani ya sidiria, na sufuria wameiegemeza mlangoni ili ikianguka washtuke. Mtu kama huyo utamfundisha nini kuhusu usingizi?

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 ndugu na jamaa walitumia wastani wa saa 5 kila siku kumwangalia mtu mwenye dimenshia, na kwamba asilimia 70 ya saa za utunzaji hutoka kwa wanawake. Kwetu kazi humwangukia binti ambaye hajaolewa, au aliyeachika akarudi, au kitinda mimba ambaye "si hana kazi?" Wengine wanatuma M-Pesa. Watume, daipa hazinunuliwi kwa maombi. Lakini M-Pesa haiwezi kukaa na Mama ili binti aende kliniki yake ya presha.

Hapo kwenye presha ndipo ninapokasirika. Mimi humpima mtunzaji kabla ya mgonjwa. Dawa za Mama utazikuta zimepangwa kwenye kiboksi cha wiki nzima, asubuhi na jioni, hata kidonge kimoja hakijakosekana. Za binti? Paketi tupu chini ya mkoba, pamoja na risiti za matatu.

Tuna dodoso la Zarit, maswali 22 ya kupima mzigo wa mtunzaji. Nalitumia, ila alama za chini siziamini tena. Swali moja linauliza kama unatamani kumwachia mtu mwingine kazi hii. Nani atajibu ndiyo, mama yake yuko hapo na kaka anasikiliza kwenye spika? "Hapana, Sista, ni baraka." Basi namtoa nje, tunakaa kwenye benchi la koridoni, namwuliza upya. Majibu ya benchini ndiyo ninayoyaandika.

Sasa lenye kunitatiza. Mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba kwa pamoja, hayakupata ushahidi kwamba huduma za kumpumzisha mtunzaji zinamsaidia, ingawa tafiti zenyewe zilikuwa chache na hafifu. Mpango wa START wa Uingereza, vikao 8 vya kumfundisha mtunzaji mbinu za kukabiliana na hali, ulipunguza sonona. Kwa hiyo huenda nashikilia zamu za ndugu za kumpumzisha mtunzaji kuliko ushahidi unavyoniruhusu. Ninavyoona mimi, mapumziko ya kushtukizwa ndiyo hayasaidii: ukitokea bila taarifa, atatumia muda huo kufua. Zamu inayojulikana kabla, kila wiki, anaweza kuipangia kliniki, kanisa, au usingizi.

Haraka haraka kuhusu usiku: kama Mama anameza furosemide, dawa ya kuongeza mkojo, jioni, mwulizeni daktari kama inaweza kuhamishiwa asubuhi, maana inamwamsha kukojoa. Akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja mbili tu, msiseme "ugonjwa umeendelea". Mpelekeni apimwe maambukizi. Na mtunzaji asimeze dawa za usingizi za mgonjwa. Tafadhali.

Kaka, kwenye grupu ya familia andika hivi: "Kila Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa kumi, niko na Mama. Nitumie orodha ya dawa na chakula anachokubali." Dada akikataa mara ya kwanza, nenda tu; anaogopa utashindwa, na pengine utashindwa kidogo. Mama atakuita kwa jina la marehemu mjomba. Itika. Na ukifika usimpigie dada simu kumwuliza sukari iko wapi.