Samoni wa Mto Yukon: kuhesabu samaki ambao bado wako njiani

Mei 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa miezi mitatu ili lipumzike, mvuvi wa Kigoma alijua siku ya kupandisha mtumbwi nchi kavu na siku ya kuushusha tena majini. Mvuvi wa Mto Yukon kule Alaska, jimbo la Marekani, hana kalenda ya namna hiyo. Anaweza kutangaziwa leo kwamba kesho kutwa eneo lake litafunguliwa kwa saa chache, kwa nyavu za inchi sita tu, kisha wiki isikatike kabla hajasikia kwamba limefungwa mpaka tangazo jingine. Wanafunzi wetu wa usimamizi wa uvuvi wakisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza, huona kama serikali inawachezea watu. Mimi nawaambia waanze na samaki mwenyewe.

Samoni wa huko huzaliwa kwenye maji baridi, hukulia baharini, kisha hurudi mto uleule aliotoka, huzaa mara moja na kufa. Yukon una urefu wa takriban kilomita 3,200, unaanzia Kanada, unakatiza Alaska yote na kumwaga maji Bahari ya Bering. Samoni mkubwa kuliko wote, ambaye watu wa huko humwita mfalme, akishaingia mtoni hali tena. Safari nzima anaisafiri kwa mafuta aliyoyabeba mwilini, na ndiyo maana nyama yake ni nono kuliko ya samoni wa mito mifupi. Wenyeji wa asili, yaani Wayup'ik walio karibu na bahari na Waathabaska walio juu zaidi, humpasua, humtundika kwenye chanja na kumkausha kwa moshi, awe akiba ya majira ya baridi. Samoni chamu, aliye mdogo kidogo, ni chakula cha watu na pia cha mbwa wanaovuta sleji, yaani magari ya kuteleza juu ya theluji.

Sheria ya Alaska imepanga foleni. Kwanza wapite samaki wa kutosha kwenda kuzaa, halafu kije kitoweo cha familia, na biashara ije baadaye. Kwenye karatasi mambo ni mepesi. Ugumu ni kwamba anayepanga foleni hajui bado kuna wangapi.

Maji ya Yukon yamejaa tope, jicho halioni kitu. Kwenye vijito vyake safi huwekwa uzio wenye kilango, samaki akipita anahesabiwa, au mtu hukaa juu ya mnara akitazama maji. Mto mkubwa wenyewe unahitaji sona. Kituo kinachotegemewa kuliko vyote kiko karibu na kijiji cha Pilot Station, kilomita kama 197 kutoka mdomo wa mto. Mitambo huwekwa kingo zote mbili na kupeleka mawimbi ya sauti majini, mwangwi ukirudi, mtaalamu anaona alama zikivuka skrini. Vifaa haviwashwi saa 24. Vinafanya kazi kwa vipindi vya saa kadhaa kila siku, kisha hesabu inakadiriwa kwa siku nzima.

Lakini alama kwenye skrini haina jina. Inaweza kuwa mfalme, chamu, au samaki mwingine kabisa asiye samoni. Kwa hiyo kila siku mashua hutoka na nyavu za majaribio zenye macho ya ukubwa tofauti, kuanzia yasiyofika inchi tatu hadi yanayozidi inchi nane. Zinaachwa zichukuliwe na maji kwa muda mfupi, zinavutwa, na kila samaki anatambuliwa na kupimwa. Mchanganyiko wa samaki hao ndio unaotumika kugawa hesabu ya sona. Mfalme hukatwa pia kipande kidogo cha pezi kiende maabara, kwa kuwa vinasaba vyake huonyesha kama anaelekea Kanada au atabaki Alaska. Hapo siasa ya nchi mbili huingia, na nitaifikia.

Sasa lije giza lenyewe. Tuchukue namba za mfano, si za mwaka wowote. Ni tarehe 15 Juni na wafalme 12,000 wamekwisha kupita. Rekodi za nyuma zinasema kwamba hadi siku hiyo, kwa kawaida, asilimia 30 ya samaki huwa wameshapita. Piga hesabu, msimu mzima utakuwa na 40,000, na hilo ni janga. Lakini ikiwa barafu ya baharini ilichelewa kuondoka na samaki nao wamechelewa, huenda waliopita ni asilimia 15 tu, na jumla itafika 80,000. Ni 12,000 zilezile. Msimamizi akisubiri hadi mwisho wa Juni atajua ukweli, ila samaki watakuwa wamekwisha pita vijiji vya chini, na wenye vijiji hivyo watabaki na machanja matupu. Akifungua mapema na kumbe msimu ni mbovu, hakuna wa kumrudisha samaki aliyekwisha pasuliwa.

Ndiyo maana wanafungua kwa vipande. Mwaka 2001 Bodi ya Uvuvi ya Alaska iliweka utaratibu wa vipindi: kwenye wilaya za uvuvi za sehemu ya chini ya mto, mara mbili kwa wiki, saa 36 kila kipindi, ili katikati yake samaki wapate njia. Baadaye ikaja kanuni kwamba macho ya nyavu za makila, zile za kutega zinazonasa samaki kichwani, yasizidi inchi saba na nusu, kwa sababu macho makubwa zaidi yalikuwa yakichagua majike wakubwa wenye mayai mengi. Samaki nao hawaji kama maji ya bomba. Huja kwa mikupuo, na mkupuo wa kwanza huwa na wengi wa Kanada. Kuna miaka mkupuo huo uliachwa upite wote, na ufungaji ukapanda mto pamoja nao. Wilaya ya kwanza inafungwa, mkupuo ukishapita inafunguliwa na ya pili inafungwa, hivyohivyo hadi mpakani. Samoni mfalme husafiri kama kilomita 50 kwa siku na zaidi, kwa hiyo msafara huo huchukua wiki nyingi.

Mfalme akiwa haba na chamu wakiwa tele, kifaa ndicho kinachobadilishwa. Nyavu za makila zinawekwa kando na watu wanaruhusiwa wavu wa mpini, ambao mfalme akiingia anarudishwa majini akiwa hai. Kwa mtu aliyezoea kutega na kulala, kusimama kwenye mashua saa nzima ukichota maji ni kazi ya adhabu, na wavuvi wamelisema hilo waziwazi. Wana jukwaa la kulisemea: wakati wa msimu, kila wiki hufanyika mkutano wa simu unaoandaliwa na chama cha uvuvi cha bonde zima, ambapo mvuvi wa kijijini anamwuliza msimamizi maswali huku wengine wote wa mtoni wakisikiliza. Naona huo ni ubunifu ambao mamlaka zetu za maziwa zingeweza kuuiga kesho asubuhi bila kusubiri mfadhili.

Mwaka 2021 ujanja wote huu uliishiwa nguvu. Chamu wa kiangazi, ambao kwa wastani wa miaka ya nyuma walizidi milioni moja na nusu, walipita Pilot Station kama 150,000 tu. Mto ulifungwa kwa samoni, hata wa kitoweo, na samaki wakaletwa kwa ndege kutoka sehemu nyingine za Alaska. Mwaka huohuo, kusini zaidi, ghuba ya Bristol Bay ilipokea samoni wekundu zaidi ya milioni 60. Wanasayansi wananyooshea kidole joto la bahari: miaka ya joto kali kabla ya hapo, chamu wachanga wa Bahari ya Bering walikutwa wakila vyakula dhaifu kama viwavi-bahari, na miili yao ilikuwa na mafuta kidogo.

Mwaka 2022 ukaleta somo jingine. Wafalme karibu 48,000 walihesabiwa Pilot Station, lakini kwenye sona ya Eagle, karibu na mpaka wa Kanada, walifika takriban 12,000. Lengo la mkataba wa Marekani na Kanada, yaani idadi ya wafalme wanaopaswa kufika Kanada kuzaa, lilikuwa kati ya 42,500 na 55,000. Si wote 48,000 waliokuwa wa Kanada, lakini pengo lilikuwa kubwa kuliko lililotarajiwa, na nyavu zilikuwa zimefungwa. Wengine walikufa njiani. Kuna kimelea kiitwacho ikthiofonusi kinachoshambulia moyo na misuli, na kuna maji yenye joto. Julai 2019 kwenye Mto Koyukuk, unaoingia Yukon, chamu wengi walionekana wakielea wamekufa na mayai yao tumboni.

Manung'uniko hayakosekani, na mengine yana msingi. Meli za kuvua samaki aitwaye poloki katika Bahari ya Bering zilinasa chamu zaidi ya 500,000 mwaka 2021 bila kuwakusudia. Vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa wa magharibi mwa Alaska hawakufika asilimia 10, wengi wakiwa wametoka Asia. Mama ambaye chanja lake ni tupu hafarijiki na asilimia. Kwenye mto jirani wa Kuskokwim, Juni 2012, wavuvi Wayup'ik walishusha nyavu wakati mto umefungwa, wakashtakiwa. Miaka mitatu baadaye makabila ya huko yaliunda tume yao ya samaki, na leo inakaa meza moja na serikali ya shirikisho kuamua saa za kufungua.

Aprili 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusimamisha uvuvi wa samoni mfalme anayeelekea Kanada kwa miaka saba, na lengo likapandishwa hadi 71,000. Miaka saba ni mzunguko mmoja wa maisha ya samaki huyu. Mayai yaliyotagwa kiangazi cha 2024 yaliangua mwaka uliofuata, na wengi wa samaki hao wataonekana kwenye skrini ya Pilot Station mwaka 2029 na 2030. Hadi wakati huo, nyavu za majaribio zinaendelea kushushwa kila siku ya msimu, na samaki wanaokufa humo hugawiwa kijijini. Kwa baadhi ya nyumba, huyo ndiye mfalme pekee atakayepasuliwa mwaka mzima.